Usiku Mmoja Matayos

Malori yanayotoka bandarini kwetu Mombasa hupanga foleni Malaba na Busia yakingoja kuvuka kuingia Uganda. Mpakani huku ndiko lilikozaliwa jina la bodaboda, zama baiskeli zilipokuwa zikivusha abiria. Mimi nilipanda pikipiki hadi Matayos kumjulia hali binti ya ami yangu, aliyeolewa huko Bukhayo na dereva wa lori.

Ana maradhi ya baipola. Kuna majuma ambayo furaha humpanda kupita kiasi, akalala saa mbili tu na kumaliza akiba yote sokoni. Kisha hushuka, akajifungia asiseme na mtu. Majirani walisema karogwa. Sisi wa pwani tusiwacheke, maana nasi humtafuta jini kabla ya kumtafuta daktari. Alhamdulillahi, sasa anameza dawa, na kwa miezi kadhaa ametulia.

Usiku niliamka nikamkuta mwanawe wa miaka 11 ameketi gizani.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Mbona hulali?”

“Namsikiliza mama kama amelala. Asipolala siku mbili, nampigia baba simu.”

Nilinyamaza. Mgonjwa kukesha bila kuhisi uchovu ni miongoni mwa dalili za mwanzo ambazo madaktari huziulizia, na mtoto huyu ameigundua peke yake. Ila darasani, nilikuja kuambiwa, husinzia.

Jamaa huuliza kwanza, je, naye atarithi? Wataalamu hukadiria kwamba mzazi mmoja akiwa na maradhi haya, takriban mtoto 1 kati ya 10 hupatwa nayo. Katika watu wote ni 1 au 2 kati ya 100. Wengi, basi, husalimika. Lakini huzuni na wasiwasi huwaandama watoto hawa zaidi ya wenzao, na hapo damu si sababu pekee. Kuna usingizi uliokatika na siri ya nyumbani, na dhana ya mtoto kwamba yeye ndiye aliyemuudhi mama.

Asubuhi nilimweleza mamaye. Alilia kidogo, akamwita.

“Ni maradhi, mwanangu. Si wewe uliyeyaleta, wala si kazi yako kuyalinda.”

Mtoto akauliza, “Basi nani atakusikiliza?”

Swali la haki. Tukamwita jirani, mwanamke mtu mzima, akakubali kupita kila jioni na kila alfajiri, na namba ya baba akaichukua yeye.

Adhuhuri mtoto alijinyoosha kwenye mkeka barazani. Alilala hadi alasiri, na hapana aliyemwamsha.