Ujuzi wa Uyoga Hausafiri na Mchumaji

Hannover, Ujerumani
Oktoba

Kwa wasomaji wa Machakos na Ukambani kwa jumla,

Wakati huu ambapo wakulima wa Machakos, Kenya, hutazama mawingu wakisubiri mvua za vuli, Ujerumani huwa imo katikati ya msimu wa uyoga, na familia nyingi huingia misituni zikiwa na vikapu na visu vidogo. Mhamiaji aliyelelewa huko Machakos, Mwala au Kangundo, ambaye tangu utotoni alizoea kuchuma uyoga wa kichuguu, huvutiwa na wingi huo, na ni haki yake kuvutiwa. Hata hivyo, hana budi kukubali kuwa mwanafunzi upya, kwa sababu ujuzi wa uyoga ni ujuzi wa mahali, wala haumfuati mchumaji avukapo bahari.

Uyoga wa kichuguu ni wa jenasi ya Termitomyces, yaani kundi la spishi zenye nasaba ya karibu, ambalo lilipewa jina hilo mwaka 1942 na mwanasayansi Mfaransa Roger Heim. Uyoga huu hulimwa na mchwa wenyewe, ambao hukusanya nyasi na miti mikavu, huifinyanga kuwa vitanda vyenye matundu chini ya ardhi, kisha uyoga unaoota humo huozesha mabaki ambayo mchwa peke yao wasingeweza kuyameng'enya vyema. Mvua inyeshapo, uyoga huchomoza juu ukiwa na shina refu mfano wa mzizi, ambalo hushuka hadi kwenye kitanda hicho. Kwa hiyo mchumaji wa Machakos huutambua kwa mahali, kwa msimu na kwa mzizi huo, na rangi ya kofia huwa ni ushahidi wa nyongeza tu. Ulaya haina mchwa wa aina hiyo, na kwa sababu hiyo alama zote tatu alizozitegemea humpotea kwa wakati mmoja.

Badala yake hukutana na Amanita phalloides, uyoga wenye kofia ya kijani hafifu, au wakati mwingine nyeupe, ambao huishi kwa kubadilishana chakula na mizizi ya mialoni na miti mingine, na ambao ndio chanzo cha vifo vingi vya sumu ya uyoga duniani. Sumu yake haiharibiwi kwa kupikwa wala kwa kukaushwa. Mlaji hujisikia mzima kwa saa 6 hadi 12 au zaidi, kisha hutapika na kuharisha, halafu huonekana kupata nafuu ilhali ini lake linaendelea kuharibika. Vipimo vya mapokeo, kama vile kuchovya kijiko cha fedha au kutazama iwapo konokono wameula, havina maana yoyote, kwa kuwa konokono huula uyoga huo bila kudhurika.

Wahamiaji ndio walioonja uchungu wa jambo hili. Katika msimu wa mwaka 2015, wakimbizi kadhaa, wengi wao kutoka Syria, walipata sumu nchini Ujerumani baada ya kuchuma uyoga uliofanana na ule wa kwao, na chuo cha tiba cha Hannover kikalazimika kutoa mabango ya onyo kwa lugha mbalimbali, Kiarabu kikiwemo. Mwaka 2021, ndugu wawili wa Kiafghani, wenye umri wa miaka 5 na 6, walifariki nchini Poland baada ya familia yao, iliyokuwa imetoka tu kuokolewa vitani, kula uyoga wa msituni. Watu hawa hawakuwa wazembe, bali waliamini macho yaliyofunzwa na ardhi nyingine.

Anayeanza kujifunza huchunguza sehemu zote za uyoga kwa pamoja: kofia, vipande vyembamba vilivyopangana chini yake, ambavyo huweza kuitwa matamvua, pete inayozunguka shina, na kifuko kinachokumbatia kitako cha shina, ambacho Amanita phalloides huwa nacho na ambacho mara nyingi hufichwa na udongo. Akikata shina kwa kisu, huacha kifuko hicho ardhini pamoja na onyo lake. Baadaye huilaza kofia juu ya karatasi usiku kucha ili spora, yaani chembe ndogo za uzazi, zianguke na kuonyesha rangi yake. Hata akishafanya hayo yote, hauli mpaka aonyeshe alichochuma kwa washauri waliofunzwa na kupewa vyeti, kama wale wa chama cha wanasayansi wa uyoga cha Ujerumani, kilichoanzishwa mwaka 1921.

Utaratibu huo wa washauri ndio unaostahili kuigwa Machakos. Hata nyumbani ipo hatari, kwa maana Chlorophyllum molybdites, uyoga mkubwa mweupe uotao kwenye nyasi za nchi za joto, humtapisha na kumharisha vibaya anayeudhania kuwa wa kichuguu. Lakini hauna ule mzizi mrefu, na matamvua yake hugeuka kijani unapokomaa kwa sababu ya spora zake. Akina nyanya na akina babu wanaozijua tofauti hizi wangali hai, ilhali vijana wengi wameshahamia mijini. Walimu na maafisa wa kilimo wa kaunti wakiandamana nao vichuguuni mvua zinapoanza, wakaandika wanayoelezwa na kupeleka vielelezo kwenye Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, ujuzi huo utapata warithi. Na hadi hapo, uyoga wowote usiotambuliwa kwa hakika, Hannover au Kangundo, usiingie chunguni. Na aliyeula tayari apelekwe hospitalini mara moja pamoja na mabaki ya uyoga huo, bila kusubiri dalili.