Usiku wa Kwanza Ujiji

Nilipandia gari Kidahwe, pale barabara ya Uvinza inapoachana na ya Kasulu. Mama mmoja mwenye dumu la mawese miguuni alipojua kwamba sijawahi kufika Ujiji, aliniuliza nitalala wapi. Nikamtajia hoteli ya Kigoma mjini, inayotazama ziwa.

"Mwanangu, soko halimsubiri mtu anywe chai. Lala hukohuko Ujiji."

Tukashuka Mwanga, tukapanda daladala ya Ujiji. Usiku nilimlaumu. Gesti ilikuwa na shuka safi na chandarua kizima, lakini bomba lilikoroma tu bila kutoa kitu. Mhudumu akaniletea ndoo ya maji pamoja na pole nyingi. Alfajiri adhana zikapokezana, sikulala tena.

Sokoni nilimkuta yule mama, dumu lake limeshafunguliwa: mawese mekundu juu, chini yameganda rangi ya njano. Jirani yake alikuwa akipima dagaa kwa kopo, anarundika hadi wanaporomoka, kisha anawarudisha kwa kiganja. Nilipoomba nyongeza akanicheka: "Hiyo iliyomwagika ulidhani ya nani?"

Biashara hii ni kongwe. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Februari 1858 chumvi ya Uvinza na mawese vilishakuwa bidhaa hapa. Pembe za ndovu pia, na binadamu waliouzwa wakapelekwa Tabora, kisha pwani. Malipo mengi yalikuwa shanga.

Livingstone naye, mmisionari Mskoti, alikuwa mgeni wa mji huu. Mwaka 1871 alirudi kutoka Manyema akiwa hoi, akakuta shehena yake imekwisha kuuzwa, na mwandishi wa habari Stanley akamkuta katika hali hiyo. Walipokutana sasa pana mnara, makumbusho na miembe inayosemekana ni uzao wa mwembe waliokutania chini yake. Mimi nilibaki kulitafuta ziwa: maji yamerudi nyuma, yameuacha mnara nchi kavu.

Reli nayo iliupita mji. Mwaka 1914 ilifika Kigoma, kwenye bandari yenye kina, na wasafiri wakahamia huko. Ndiyo maana hata mimi niliwaza hoteli ya huko kwanza.

Jioni nilirudi gesti. Bomba lilikuwa linatoa maji. Nikalipia usiku wa pili kabla halijabadili nia.