Muhuri Hauumbi Dhahabu

Ndugu msomaji, je, mtu asiyesali aweza kuwa mwema? Jibu nilidhani nalijua, mpaka siku lori lilipopinduka katika mteremko wa Sekenke.

Wapitao njia ya Singida kwenda Nzega waujua mteremko huo. Ilikuwa Jumapili, nasi tulikuwa tukitoka Misa. Dereva na utingo wake wamelala kando ya njia wakiugulia, na mifuko ya sukari imetapakaa. Watu walikimbilia sukari. Nami, rozari ikiwa mfukoni, nilijitwika mfuko mmoja nikaenda zangu.

Jirani yangu mmoja, mzee wa Kinyiramba asiyebatizwa, hakugusa kitu. Aliwafunga majeruhi vidonda kwa shuka yake, akatuma kijana kutafuta gari la kuwapeleka hospitali. Kisha akakaa na fimbo yake kuilinda mali iliyobaki, hata usiku.

Mimi sikupata usingizi. Alfajiri niliurudisha mfuko, nikamwuliza, “Mzee, nani alikufundisha haya?”

Akajibu, “Mwanangu, mwenye mali alikuwa akilia pale. Ningeilaje?” Hakunikaripia. Alinionyesha tu mahali pa kuutua mzigo.

Mtume Paulo aliwaandikia Warumi kwamba hata wasio na Sheria huweza kuitimiza, kwa kuwa imeandikwa mioyoni mwao. Na mwaka 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba wasiomjua Kristo pasipo kosa lao, wakimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kuifuata dhamiri, waweza kuupata wokovu.

Basi dini ni bure? Sivyo! Mwaka 1916 Wajerumani walipiga sarafu za rupia 15 huko Tabora kwa dhahabu ya Sekenke. Muhuri uliwajulisha watu thamani yake, walakini haukuiumba dhahabu. Mungu alikwisha kuiweka mwambani. Vivyo hivyo aliiweka dhamiri katika kila mtu. Neema ya Ubatizo huisafisha na kuitia nguvu, na Kitubio hutuinua tukianguka. Mimi imani ndiyo iliyoniamsha alfajiri ile. Lakini yule mzee hakuwa na mfuko wa kurudisha.

Wazazi wenzangu, tusiwafundishe watoto kuwadharau wasiosali. Tuwafundishe kwamba aliyepewa zaidi atadaiwa zaidi. Nasi tumepewa mengi.