Kati ya Injini na Tairi

Nilipoanza kushika spana Temeke mwaka 1986, Land Rover zilikuwa zinakufa zikiwa nzima. Bodi ya alumini haijaliwa na kutu, chasisi imenyooka, difu hazilii, lakini gari limepandishwa juu ya matofali kwa sababu ya pampu ya dizeli au silinda hedi iliyopasuka, na nchi haina fedha za kigeni za kuagiza nyingine. Uani kwa bwana aliyenifundisha kazi, kando ya Barabara ya Kilwa, zilijaa za mashirika ya umma zenye namba za SU, za halmashauri, na moja ya misheni ya huko Kusini ambayo mapadri walikuwa wameshaisahau. Tulikuwa tunazinyonya. Hii itoe stata, ile itoe giaboksi, mradi moja itembee.

Kilichotuokoa ni Wajapani. Tangu bajeti ya 1984 serikali iliruhusu mwenye fedha zake nje aingize bidhaa bila kuulizwa kazipata wapi, na Mzee Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka uliofuata mlango ukazidi kufunguka. Zikaja Hilux, baadaye zikaja HiAce za kugeuzwa daladala, na nyuma yake zikafuata injini za mtumba, zikarundikwa Gerezani na Mtaa wa Shaurimoyo huku zinavuja oili ya Japani. Bwana wangu alizitazama, akauliza swali lililonilisha mpaka leo: tunangoja pampu kutoka Uingereza ya nini, na injini nzima iko hapo Gerezani?

Tulianza na injini ya Toyota ya 2L, halafu 3L, ile ya sentimita za ujazo 2,779 iliyobeba daladala za mji huu miaka na miaka. Kuinyanyua injini kwa cheni bloku na kuishusha ndani ya Land Rover ni kazi ya asubuhi moja, hata mwanafunzi anaiweza. Wenye magari wakiiona imekaa ndani huanza kupiga picha na kuuliza ufunguo. Kumbe hapo kazi haijaanza. Injini ya Toyota haijui giaboksi ya Land Rover ni nani: matundu ya bolti hayalingani, flaiwili si kipenyo hicho, shafti ya giaboksi haifiki kwenye beringi yake.

Bwana wangu alikuwa mkerezaji, alijifunzia karakana ya TAZARA kabla ya kujitegemea. Alichukua bamba nene la chuma, akatoboa upande mmoja matundu ya Toyota na upande wa pili ya Land Rover, kisha siku nzima ikaishia kwenye jambo moja tu, kuhakikisha kitovu cha kranki na kitovu cha shafti ya giaboksi viko kwenye mstari mmoja. Alifunga kipimo chenye mshale kwenye flaiwili, akawa anaizungusha kwa mkono. Mshale ukicheza zaidi ya unene wa wembe, yaani moja ya kumi ya milimita, bamba lilirudi mashineni. Sisi vijana tulinuna, kwa sababu wenzetu wa gereji jirani walikuwa wanakadiria kwa macho na kulipwa jioni ileile. Magari yao yalirudi. Pleti ya klachi inachanika katikati, beringi inalia, gia ya tatu inajitoa yenyewe mlimani. Mwenye gari hulaumu Toyota, na Toyota haina kosa.

Nilipofungua gereji yangu mwenyewe, Yombo, nilikuwa nimeshaona kwamba giaboksi ya zamani ya Land Rover ina mwisho wake. Ilitengenezwa kwa injini ya lita mbili na robo isiyo na haraka. Ukiibebesha nguvu karibu mara mbili yake, unahamisha ugonjwa kutoka mbele kwenda katikati, kisha kwenda kwenye shafti za nyuma. Kwa hiyo siku hizi mtu akija namwambia nunua vyote pamoja, injini, giaboksi na transfa yake. Ni ghali, najua. Wengine huondoka wakinung'unika kwenda kwa fundi wa bei nafuu, na sigombani nao.

Kazi ninayopenda kuitaja ni ya mama mmoja wa Kinondoni Mkwajuni. Baba yake alikuwa bwana shamba Lindi, akanunua mnadani Land Rover Series III, ile ndefu ya 109, ya petroli. Mzee alipofariki gari likabaki chini ya mwembe. Mwaka 2024 huyo mama akasikia kwamba Oktoba Arusha watakusanya Land Rover kutoka kila upande, wakitafuta rekodi ya dunia.

“Shikamoo fundi.”

“Marahaba mama, karibu.”

“Nataka gari la baba lifike Arusha. Na lirudi.”

Hilo neno la pili lilinipendeza. Mpwa wake alikuwa amemshauri afunge injini ya Prado yenye tabo na kontroli boksi. Mimi nikamshauri 1HZ: silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, haina tabo, pampu yake haihitaji kompyuta. Imekuwepo kwenye Land Cruiser tangu 1990. Ndiyo iliyobeba wagonjwa, askari wa hifadhi na mabwana afya wa wilaya nyingi nchini. Ukikwama Mombo au Same saa mbili usiku, utapata kijana aliyewahi kuifungua. Ya Prado ni injini nzuri, lakini ikikuzimia hapo utampigia simu mtu wa Dar.

Nafasi haikuwa shida kubwa. Waingereza wenyewe waliwahi kuweka injini ya silinda sita kwenye 109, kuanzia 1967, kwa hiyo pua inaweza kupokea urefu huo rejeta ikisogezwa mbele. Bahati nyingine, Land Rover ina difu ya mbele iliyosogea kulia, na transfa ya Land Cruiser nayo hutoa propela ya mbele upande huohuo. Zingepishana, ningekataa kazi. Sampu ilinisumbua zaidi. Gari likiwa limesimama unaona nafasi nzuri kati ya sampu na ekseli, ila springi zikilala ekseli inapanda. Nilipiga jeki ekseli mpaka mpira wa kuzuia ukagusa chasisi, nikapima, ndipo nikachomelea maunti. Propela zikakatwa na kusawazishwa upya, ya mbele na ya nyuma, na krosi zikawekwa kwa pembe zinazolingana, kwa maana zisipolingana gari hutetemeka ukafikiri injini imekufa maunti.

Fundi umeme wangu akagundua jingine: injini ilitoka kwenye gari la soko la Japani, stata yake ni ya volti 24. Land Rover ni ya volti 12. Mama alishangaa kwamba tunarudi tena Shaurimoyo kwa ajili ya stata wakati hii iliyopo inang'aa. Altaneta tukabadilisha pia, tukachagua yenye pampu ya upepo mgongoni, maana dizeli haina mvuto wa hewa wa kusaidia breki kama petroli, nami sikubali kuongeza nguvu ya kwenda bila kuongeza ya kusimama. Mbele tukaongeza jani la springi, kwa kuwa chuma kile ni kizito.

Faida ya giaboksi ya Toyota utaijua barabarani. Land Rover ile, kwa difu zake za 4.7 na tairi za saba hamsini, ikienda kilomita 80 kwa saa ilikuwa inazungusha injini karibu mara 2,900 kwa dakika. Unashuka masikio yanapiga kelele. Kwa gia ya tano ya Toyota, mwendo uleule unahitaji karibu 2,200, na difu hukuzigusa.

Tulilijaribu mlima wa Pugu kwenda Kisarawe, na magunia ya mchanga nyuma. Sikuangalia sana mwendo. Nilimtuma kijana alale chini ya gari kila tuliposimama, aguse giaboksi, difu na rejeta kwa mkono na kuniambia kipi kina moto kuliko kawaida. Baadaye zikaja karatasi: namba ya injini na ujazo wake vimo kwenye kadi, kwa hiyo gari likakaguliwa, risiti ya injini ikapelekwa TRA, kadi ikabadilishwa. Mafundi wengi huona hilo si lao. Kwangu gari lisilo na kadi sahihi halijakamilika, kwa sababu trafiki wa Chalinze hatanitafuta mimi, atamshika mama wa watu.

Alifika Arusha, akarudi, akaja kuniletea ndizi za Mto wa Mbu.

Sasa vijana wanataka makubwa zaidi. Mmoja wa Mbezi kaniletea Land Rover 110, anataka injini ya 1KD na giaboksi ya otomatiki. Sina chuki na kompyuta, ila nilimweleza kwamba injini hiyo hainunuliwi peke yake. Inataka waya zake zote, kontroli boksi yake, ufunguo uliozaliwa nayo, na hata pedali ya mafuta, kwani pedali ile haina kebo, inapeleka umeme. Tumegawana: wenzangu wa Sinza wenye kompyuta ndogo watashika waya, mimi nitashika maunti, propela na rejeta ya kupoza giaboksi. Injini imefika wiki iliyopita. Pedali haikuwemo. Tumemrudisha Shaurimoyo akaitafute.