Kabla Ufute Video Zako za Kwanza, Sikiliza Hii Kanda

Wiki jana nilikuwa na kidole juu ya kile kitufe cha kufuta. Video 31, zote za mwaka wa kwanza wa chaneli yangu. Kuna kampuni ilikuwa imenitumia ujumbe ikitaka tufanye kazi, nikajiambia wakiona hizo za zamani wataingia mitini. Picha ina ukungu, sauti ni kama tuko ndani ya debe, halafu kuna moja konda anaita watu wa Rongai mwanzo hadi mwisho. Aibu tupu.

Lakini wacha niwe mkweli. Aibu haikuwa picha. Kwa karibu kila hiyo video kuna sauti ya mtu mwingine.

Tulianza wawili. Tulikuwa tunaishi chumba kimoja hosteli, na laptopu ilikuwa yake. Yeye ndiye alikuwa anakata video usiku kucha huku mimi nimelala fofofo. Baada ya miezi minane bila hata shilingi, akaniambia, "Buda, mimi nimechoka, narudi kwa vitabu." Mimi nikabaki na chaneli, na mwaka wa pili vitabu ndio nikaviacha. Hatukugombana. Tuliacha tu kuongea. Na nikianza kupata watu, stori niliyokuwa nawaambia ilikuwa moja: nilianza peke yangu, na simu tu. Mnaikumbuka. Wengi wenu mliipenda.

Sasa usiku huo, kabla nifute, nikaweka muziki. Mimi ni mtoto wa Linkin Park. Bro yangu mkubwa alikuwa analeta ngoma zao na flashi kutoka saiba, na tukazisikiza hadi mathe akachoka na zile kelele. Nikitafuta huku na kule nikaangukia kanda yao ya 1997, wakati hata jina la Linkin Park halikuwepo. Walikuwa wanaitwa Xero.

Ni ngoma nne tu. Walizirekodi kwa studio ndogo ya chumbani kwa Mike Shinoda, huko California, wakawa wanazipeleka kwa kampuni za muziki. Ukisikiza unamjua Mike mara moja, ile rapu yake imetulia vilevile. Gitaa za Brad Delson ziko. Halafu inafika kwenye kuimba, unangoja Chester Bennington apasue anga, na Chester haji. Anayeimba ni msee anaitwa Mark Wakefield.

Kanda haikuwapatia mkataba. Mark akachoka kungoja, akatoka akatafute mambo mengine. Machi 1999 kuna jamaa wa Zomba, Jeff Blue, aliyetuma demo zao kwa Chester huko Arizona. Mwezi huo Chester alikuwa anafikisha miaka 23. Aliacha sherehe yake mwenyewe akaenda kurekodi sauti yake juu ya muziki wao. Mwaka huohuo wakatoa EP ya ngoma sita, nakala kama elfu moja hivi, na bado kampuni zikaendelea kuwakataa. Oktoba 2000 albamu ya Hybrid Theory ikatoka, ikauza zaidi ya milioni 10 Marekani pekee.

Hapa ndipo watu wa motisha wanakuambia "usikate tamaa" halafu wanakuuzia kozi. Sina kozi. Na kama ulifikiri nitakuambia uache chuo kama mimi, pole. Wakati hiyo kanda inakataliwa, Mike alikuwa anasoma sanaa ya uchoraji, na 1998 akamaliza, akachukua digrii yake.

Kilichonigonga ni kitu kingine. Kwa ile kanda kuna ngoma inaitwa "Stick N Move", na nyingine "Rhinestone". Hawakuzitupa. Walizivunja, wakazijenga upya, na kwa Hybrid Theory unazijua kama "Runaway" na "Forgotten". Na ukiangalia walioandika hizo ngoma mbili, Mark Wakefield yuko. Alikuwa ametoka kitambo. Sauti yake haisikiki popote kwa albamu. Lakini jina liko.

Nilikaa hapo kwa kitanda nikaangalia chaneli yangu. Kale kamlio ka mwanzo wa kila video, kale mnakaiga kwa komenti, ni yeye alikatengeneza kwa ile laptopu. Ile staili ya kukata picha nikiwa katikati ya sentensi, ambayo watu wanasema ni yangu, ni yeye aliianzisha, kwa sababu nilikuwa nababaika sana na hakukuwa na njia nyingine. Yote bado naitumia. Jina lake halikuwa mahali popote.

Kwa hivyo sikuwa nafuta video mbaya. Nilikuwa nafuta shahidi.

Sisemi uweke kila takataka uliyowahi kurekodi. Kuna zangu mbili nimetoa, nilimtania mtu vibaya na hakustahili. Lakini kabla ufute, jiulize: unaficha kazi mbovu, ama unaficha mtu mliyefanya naye?

Nilimtumia ujumbe saa saba usiku. Nikamwambia nimeweka jina lake kwa zile video zote, na kwamba ile stori ya "peke yangu" ilikuwa uongo. Ilikuwa miaka miwili tangu tuongee. Asubuhi nikapata jibu: "Sawa. Ile ya konda wa Rongai usiguse."

Sijaigusa. Kampuni bado haijajibu.