Nani Aliamua? Kauli ya Kutendwa, Saratani ya Matiti na Mashine Inayouliza

Neno ziwa lina mizigo mingi. Wingi wake, maziwa, ni viungo vya mwili, ni kinywaji cha mtoto, tena ni Viktoria na Turkana kwa pamoja. Mwanafunzi wa isimu huufurahia utata huu darasani. Hautafurahisha hata kidogo siku ambapo programu ya mazungumzo itamwuliza mwanamke wa Kibera kuhusu "kujengewa ziwa upya", naye akadhani kwamba Bwawa la Nairobi, lililo jirani na mtaa wake, hatimaye litasafishwa.

Mzaha kando. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka wa 2022, zaidi ya wanawake 7,000 nchini Kenya walipatwa na saratani ya matiti katika mwaka huo mmoja. Tiba aghalabu huhusisha kukatwa titi. Baadaye huja swali: mgonjwa ajengewe jingine kwa nyama ya tumboni au mgongoni, awekewe mfuko wa silikoni, au akae alivyo? Siku hizi lipo wazo la kuitumia akili unde kuwahoji wanawake kuhusu uamuzi huo. Mashine haichoki wala haikunji uso.

Wazo hili si la kupuuzwa. Mwaka wa 1966 Joseph Weizenbaum, wa chuo cha MIT nchini Marekani, alitangaza ELIZA, programu iliyoyageuza maneno ya msemaji kuwa maswali. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba katibu wake, aliyejua fika kuwa hiyo ni mashine tu, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo kwa faragha. Hapa Kenya, shirika la Jacaranda Health lilitoa UlizaLlama mwaka wa 2023, modeli ya lugha iliyofunzwa Kiswahili kwa ajili ya maswali ya akina mama wajawazito na waliojifungua. Kwa hivyo mashine inayosema Kiswahili ipo. Kama inakisikia Kiswahili, hilo ni jambo jingine.

Mama wa Kawangware, ambaye majirani humwita kwa jina la mwanawe, hataji titi mbele ya mgeni. Husema kifua, au "huku mbele", au hunyamaza na kuivuta leso yake. Saratani ni "huo ugonjwa". Tafsida hizi zinaweza kufunzwa mashine, isipokuwa ile ya leso. Ugumu mkubwa zaidi umo katika kitenzi. Mashine huuliza: "Kwa nini uliamua kutojengewa titi?" Mama hujibu: "Nilikatwa. Nikaambiwa nirudi kliniki. Nikaandikiwa dawa." Kauli ya kutendwa mara tatu mfululizo! Mama ndiye kiima cha kila sentensi, lakini ni kiima kinachotendwa, na mtenda hatajwi popote. Au basi hutokea kiambishi wa-: "Walikaa wakaona haifai." Akina nani? Mume, mama mkwe, shemeji aliyeuza ng'ombe mashambani ili nauli na dawa zipatikane. Silabi moja imebeba baraza zima.

Mashine isiyoyaona haya itaandika "hataki". Hapo ndipo pana hatari, kwa maana ripoti husomwa na watu wenye bajeti. Kesho itasemwa kwamba wanawake wa Kibera hawahitaji upasuaji huo, ilhali mabingwa wake ni wachache nchini na wengi wa wanawake hao hawakuwahi kuelezwa kuwa unawezekana. Kukataa ni kitendo. Kutoambiwa si kitendo cha asiyeambiwa. Isitoshe, wapo wanaokataa kweli, kwa kauli ya kutenda na kwa sababu zao, nao pia hudhulumiwa wakichanganywa na wale wasioulizwa. Huko Thika, Mary Mwangi, fundi wa nguo aliyeugua saratani hiyo, hufuma matiti bandia kwa nyuzi. Mwanamke anayelichagua titi la nyuzi amechagua. Hakupungukiwa na akili wala ujasiri.

Kisha kuna chumba chenyewe: futi kumi kwa kumi, mabati huku na huku, simu moja inayotumiwa na mume na watoto. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, lakini haimzuii jirani wa ng'ambo ya bati kusikia.

Anayetaka kuielewa hali hii kwa mashine hana budi kubadilisha maswali kabla ya kununua mitambo. La kwanza liwe "Uliambiwa nini, na aliyekuambia ni nani?" Na mama akianza kunong'ona, la pili lisihusu titi kamwe, bali liwe "Uko peke yako, mama, au nikuulize baadaye?"