Mshono Umepona, Shangazi, Lakini Tezi Haipo

Bern, Uswisi



Nimesikiliza ujumbe wa sauti wa shangazi yangu wa Kamachumu mara tatu, na mara ya tatu machozi yakanitoka. Alikuwa anauliza tu kama anitumie senene. Kilichoniliza ni sauti yenyewe: nzito, ya kukwaruza, inaburuta maneno. Nikampigia. Anasikia baridi hata jua la saa saba, uso umevimba, choo kigumu, hana nguvu ya kupalilia migomba. Majirani wameshamwambia karogwa. Nikauliza, "Shangazi, vile vidonge ulivyopewa ulipotolewa tezi ya shingo?" Akajibu kwa fahari, "Niliacha zamani, mwanangu. Mshono ulipona vizuri, hata alama huioni."

Mshono! Ndugu zangu wa Bukoba na Muleba, hapo ndipo tunapopotelea. Kwetu mshono ukifunga, ugonjwa umekwisha. Huku mshono ukifunga, ndipo kazi inaanza. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama wa Kiswisi, alitolewa tezi ya shingo yote kabla sijafika nchi hii. Kila asubuhi anameza kidonge kimoja kwa maji matupu, anasubiri, kisha ndiyo anywe kahawa. Kila mwaka anapimwa damu. Haumwi popote, wala hajaacha.

Na Waswisi hawakuzaliwa wakijua hayo. Milima yao ilijaa watu wenye rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, kwa sababu udongo wake una upungufu wa madini joto. Hapa mjini kuna mtaa unaitwa Kochergasse, jina la Theodor Kocher, bingwa wa kupasua rovu aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909. Mwaka 1874 alimtoa tezi yote msichana wa miaka 11. Mwaka 1883 akamwona tena. Mshono ulikuwa umefunga zamani, lakini binti alikuwa amedumaa mwili na akili. Kocher alishtuka, akaacha kutoa tezi yote kwa rovu la kawaida. Dawa haikuwepo. Ilianza mwaka 1891, George Murray wa Newcastle, Uingereza, alipomdunga mwanamke mmoja maji yaliyokamuliwa kutoka tezi za kondoo. Mama yule aliishi miaka 28 zaidi. Leo dawa hiyo ni kidonge kidogo kuliko punje ya mahindi, na shangazi yangu amekiacha kwa sababu mshono umependeza.

Namwelewa alivyodanganyika. Ukiacha dawa hii huanguki kesho yake. Baada ya wiki moja, karibu nusu yake bado imo mwilini. Unafifia polepole kama kibatari kinachoishiwa mafuta, hadi watu wanaona ndiyo tabia yako: mvivu, mzito, msahaulifu. Damu ndiyo inayosema kweli. Kipimo kinaitwa TSH, nacho hupima kichocheo ambacho ubongo unakituma kuisukuma tezi. Tezi ikilegea, au ikiwa haipo, ubongo unazidi kupiga kelele, na namba inapanda. Kwa hiyo namba kubwa si ya kushangilia.

Sasa wewe mwenye kinundu shingoni, unayekificha kwa mtandio kanisani. Katika vinundu 100, kama 90 au zaidi si saratani, basi usikimbilie kisu, na usikimbilie mganga. Anza na damu, kisha ultrasaundi, na kikitiliwa shaka kitachomwa sindano nyembamba kupimwa. Kikiwa kigumu, kikikua upesi, sauti ikibadilika au chakula kikikwama, usingoje mauzo ya kahawa. Ukiambiwa upasuliwe, uliza: mnatoa nusu au yote? Mishipa ya sauti iko salama? Baada ya upasuaji, vidole au midomo ikifa ganzi au misuli ikikaza, rudi siku hiyo hiyo, kwani nyuma ya tezi kuna vitezi vinne vidogo vinavyotunza kalsiamu. Nyama iliyokatwa ipimwe, na karatasi ya majibu itunzwe pamoja na hati ya shamba. Kidonge kimezwe tumbo tupu. Kahawa isubiri nusu saa au zaidi, hata ile ya kutafuna, na vidonge vya kuongeza damu visubiri muda wa saa nne. Dozi ikibadilishwa, pima tena baada ya wiki 6 hadi 8. Mjamzito aseme mapema kliniki, maana mara nyingi dozi huongezwa, na ubongo wa mtoto unaitegemea. Na chumvi iwe ya madini joto, ifunikwe, itiwe chakula kinapokaribia kuiva.

Nawapenda, lakini hili nitalisema. Sisi ni watu wa kusomesha, kila ukoo una mwalimu au daktari. Kwa harusi na msiba tunachangishana hadi usiku wa manane. Lakini mama aliyetolewa tezi hakuna anayemuuliza kama dawa imebaki, na hospitali iliyompasua shangazi haikumweleza kwamba kidonge ni cha maisha. Hospitali tunazo: Rubya ipo, Kagondo ipo, Ndolage ipo, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ipo Bukoba. Kama kipimo hakipo kwao, waulize damu itapelekwa wapi. Na jambo likiwa zito, hospitali ya Bugando iko ng'ambo ya ziwa.

Shangazi, Jumatatu nenda Ndolage ukapimwe damu. Usianze vidonge vile vya zamani mwenyewe, daktari akupangie upya. Nauli na hela ya kipimo nimeshatuma kwenye simu yako.